Mzazi, mwanao akitaka kusomea takwimu usimkatishe tamaa

Mama mmoja kutoka upande wa Usa River alikuja kliniki kupima presha. Nilipomaliza kumfunga kitambaa cha mashine mkononi, vipimo vilionyesha presha imepanda kuliko mara iliyopita. Nikamuuliza kama anameza dawa.

“Dawa nameza, daktari,” akanijibu. “Presha hii ni ya binti yangu.”

Binti mwenyewe alikuwa nje, kwenye benchi. Amemaliza kidato cha nne na amefaulu vizuri. Baba yake anataka asome PCB, fizikia, kemia na baiolojia, ili mwisho wa safari awe daktari. Yeye anataka PCM, aendelee na hisabati, na akifika chuo kikuu asomee takwimu na sayansi ya data. Nyumbani hakuna maelewano.

“Ana akili nzuri,” mama akasema. “Sasa akili yote hiyo akahesabu watu, kama karani wa sensa? Mwambie wewe, daktari. Wewe atakusikia.”

Nilijua jibu alilolitaka. Mimi mwenyewe ni daktari, na kazi hii imenilea. Lakini sikuweza kumpa jibu hilo, na leo nataka kuwaeleza wazazi wengine wenye mabishano kama haya kwa nini sikuweza.

Niliyoyaona bila kuyaona

Miaka ya nyuma nilifanya kazi kwenye zahanati moja katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. Walikuwa wakiletwa watoto wenye matege. Mmoja leo, mwingine baada ya wiki tatu, mwingine mwezi unaofuata. Kila aliyeletwa nilimpima, nikamweleza mama yake habari za lishe na jua, nikamwandikia rufaa pale ilipobidi, kisha nikajaza jina lake kwenye kitabu. Niliamini nimetimiza wajibu wangu.

Siku moja bwana afya alikuja kukagua vitabu. Alipekua kurasa kadhaa, akaniuliza, “Hawa watoto wenye miguu hii, kwao wanachota maji wapi?” Sikuwa na jibu. Kitabu kilikuwa na safu ya kijiji, hakikuwa na safu ya kisima. Mimi niliyewapima wote kwa mikono yangu sikuwahi kuwaweka pamoja hata siku moja, wala kujiuliza wanafanana kwa lipi.

Tangu siku hiyo nafahamu kwamba yapo magonjwa ambayo daktari hawezi kuyaona hata akiwa hodari vipi, kwa sababu yeye humtazama mgonjwa mmoja mmoja. Magonjwa hayo huonekana pale tu mtu anapowahesabu wengi, akawapanga, akawalinganisha. Kazi hiyo ndiyo takwimu.

Meno yetu ni ushahidi

Wenyeji wa Arusha na Arumeru hawahitaji kuambiwa floraidi ni nini. Tunaiona kwenye meno ya watoto wetu, yenye madoa meupe, ya njano au ya kahawia, na kwa wengine yenye vishimo. Madini haya yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, na maji yanayopita humo ardhini huyayeyusha na kutoka nayo. Majina yenyewe ya maeneo yanatuambia kwamba maji ya huku si kama ya kwingine. Maji ya Chai inajieleza, na Ngarenanyuki kwa Kimaasai ni maji mekundu.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania ilivumilia hadi miligramu 8 vijijini, kwa kuwa watu wengi hawakuwa na maji mengine. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na sasa ni 1.5. Katika Arumeru vipo vyanzo vinavyozidi miligramu 10.

Kwenye jambo hili hesabu haina budi kufanywa kwa uangalifu. Kuzunguka mlima huu, kisima kimoja kinaweza kuwa salama na kingine cha jirani kikawa na floraidi nyingi. Chemchemi ya juu mlimani mara nyingi huwa na nafuu kuliko maji ya bondeni. Kiwango cha chanzo kilekile kinaweza kubadilika kati ya masika na kiangazi. Ofisa akichukua wastani wa wilaya nzima, anaweza kuandika tarakimu ya kupendeza huku kitongoji kimoja kikiendelea kunywa sumu. Wastani haumnyweshi mtoto maji. Mtoto anakunywa ya kisima cha kwao.

Wapo pia waliodhani wamekwisha kulijua jibu. Watafiti wa meno waliofanya kazi katika mikoa hii walikuta vijiji ambavyo maji yake yana floraidi kidogo, lakini watoto wana madoa makali. Wangeishia kwenye maji, wangebaki wameduwaa. Walipouliza habari za jikoni walikuta magadi, yale tunayotia kwenye maharage na makande ili yaive upesi. Magadi nayo yana floraidi. Hakuna mashine ya hospitali iliyoligundua hilo. Liligunduliwa kwa kuuliza swali jingine na kulinganisha nyumba na nyumba.

Wazazi wa Oakley

Habari hii si ya Meru peke yake. Mwaka 1901 daktari wa meno aitwaye Frederick McKay alihamia mji wa Colorado Springs, Marekani, akashangaa kuona meno ya wenyeji yana madoa ya kahawia. Wengine walimwambia ni kula nyama ya nguruwe kupita kiasi, wengine wakalaumu maziwa mabovu. Yeye na wenzake walianza kuhesabu watoto, na wakakuta karibu tisa kati ya kumi waliozaliwa mjini hapo wana madoa.

Katika mji mwingine, Oakley, jimbo la Idaho, wazazi ndio waliomwita. Walimweleza kwamba madoa yalianza kuonekana baada ya mji kuvuta bomba kutoka kwenye chemchemi ya maji moto. McKay hakujua bado ndani ya maji hayo kuna nini, lakini aliwashauri waliache bomba lile watumie chemchemi nyingine. Walikubali. Baada ya miaka michache, watoto wadogo wa Oakley waliota meno safi. Mkemia alikuja kulitambua jina la floraidi mwaka 1931. Hesabu ilikuwa imetangulia kuwaokoa watoto kabla jina la kilichokuwa kikiwadhuru halijajulikana.

Morogoro na Rufiji

Mfano wa hapa nyumbani nao upo, na ni mkubwa. Katika miaka ya 1990, Wizara ya Afya kwa ushirikiano na Kanada iliendesha mradi wa TEHIP katika Morogoro na Rufiji. Watu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki na kwa dalili gani. Kisha wataalamu wakalinganisha vifo hivyo na bajeti ya afya ya wilaya.

Waliyoyakuta yalishtua. Katika Morogoro malaria ilikuwa ikichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyokuwa ikipotea, wakati mwaka 1996 ilipewa takriban asilimia 5 ya bajeti. Halmashauri zikapewa nyongeza ndogo ya fedha na namna rahisi ya kusoma takwimu zao wenyewe, zikahamisha matumizi kuyafuata maradhi. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Hapakuwa na dawa mpya iliyovumbuliwa wala daktari bingwa aliyeletwa kutoka ng’ambo. Watoto wale waliokolewa kwa sehemu kubwa na watu walioketi na jedwali, wakauliza fedha yetu inakwenda wapi na vifo vyetu vinatoka wapi.

Mzazi unayesema “kuhesabu watu”, naomba uikumbuke hesabu hiyo.

Kadi ya mwanao nayo ni takwimu

Wazazi wengi wa mkoa huu waliguswa na habari ya Toto Afya Kadi. Mzazi alikuwa akilipa Sh50,400 kwa mwaka, mtoto anatibiwa. Machi 2023 utaratibu wa kuandikisha mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, na wazazi wakaelekezwa waandikishe kupitia shule. Lawama zilikuwa nyingi, na uchungu wa mzazi mwenye mtoto mgonjwa naufahamu.

Lakini chini ya uamuzi ule kulikuwa na hesabu. Bima huishi kwa watu wazima wa afya kuchangia matibabu ya wachache wanaougua. Mzazi akingoja mtoto augue ndipo amkatie kadi, mfuko unabaki na wagonjwa watupu, na michango haitoshi. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023. Nani atakokotoa mchango gani unamtosha mkulima wa kahawa wa Meru bila kumfilisi, na wakati huohuo usiuue mfuko? Mimi siwezi. Sikufundishwa. Atakayeweza ni yule kijana unayemzuia leo asichukue hisabati.

Chukua mfano mwingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Ni habari njema mno. Hata hivyo makadirio hayo hayakutoka kwenye vitabu vya wodi za wazazi. Yalitokana na kuuliza watu majumbani habari za dada zao, walio hai na waliofariki. Makadirio ya namna hiyo yana upana wake, yanaweza kuwa juu kidogo au chini kidogo. Kulieleza hilo kwa ukweli, bila kubeza mafanikio na bila kuyatia chumvi, ni taaluma inayosomewa miaka mitatu na zaidi.

Anachokwenda kusoma

Mwanafunzi wa takwimu hujifunza hisabati ya uwezekano, namna ya kuchagua sampuli inayowakilisha watu wote, namna ya kutunga maswali yasiyompa mtu jibu mdomoni, na namna ya kutofautisha mambo yanayofuatana tu na jambo linalosababisha jingine. Sayansi ya data huongeza kompyuta: kuandika programu, kusafisha taarifa chafu, kushughulikia kumbukumbu nyingi ambazo mtu hawezi kuzipitia kwa macho.

Hapa nchini masomo hayo yapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu Mzumbe vinafundisha takwimu. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichopo Changanyikeni, Dar es Salaam, kimekuwapo tangu mwaka 1961 na kinatoa shahada za takwimu na za sayansi ya data. Na akitaka kwenda mbele zaidi, hapahapa Tengeru kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, inayopokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na ambayo maji ya Meru ni sehemu ya utafiti wake.

Sitaki niwadanganye wazazi kwamba kila anayemaliza anaajiriwa kesho yake. Hilo halipo kwa takwimu, na siku hizi halipo hata kwa udaktari. Wala si kila kozi yenye jina la data ina data ndani yake. Kabla ya kujaza fomu, msaidie mwanao kuuliza mambo matatu. Kozi hii ina masomo mangapi ya hisabati na takwimu zenyewe? Wanafunzi hupelekwa mafunzo kwa vitendo wapi, na wanashika taarifa halisi au wanaishia kwenye ubao? Waliotangulia wako wapi sasa? Kisha fungua mwongozo wa udahili wa TCU usome sifa zinazotakiwa, kwa sababu kozi nyingi za aina hii hutaka hisabati ya kidato cha tano na sita. Ukimlazimisha kuiacha hisabati leo, mlango huo unaufunga miaka miwili kabla hajaufikia.

Najua wapo watakaosema kwamba siku hizi akili mnemba itahesabu yote. Kompyuta inaweza kujumlisha kilichoandikwa. Kisima ambacho hakikuandikwa kwenye kitabu changu haikijui.

Wewe mgonjwa nawe unahusika

Takwimu zote hizi zinaanzia kwako. Nesi anapokuuliza umri wa mtoto, unapoishi na ulipojifungulia, usijibu ilimradi. Majibu yako huingia kwenye vitabu vya MTUHA vya zahanati, hukusanywa kwenda wilayani na taifani, na hurudi yakiwa dawa, chanjo na watumishi. Zahanati isiyoandika wagonjwa wake huonekana haina wagonjwa. Tunza kadi ya kliniki ya mtoto, maana uzito uliochorwa mwezi hadi mwezi unasema mengi kuliko uzito wa siku moja.

Na kwa wakazi wa kuzunguka Meru, yapo mambo ya kufanya leo bila kungoja mtaalamu. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Yakichemka sana na kupungua, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Meno ya kudumu hujijenga ndani ya fizi tangu mtoto anapozaliwa hadi anapokaribia miaka minane, kwa hiyo huo ndio wakati wa kumlinda. Doa likishaingia, maji mazuri hayalitoi tena. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata mama mwenyewe akinywa maji haya. Mtoto anapoanza uji, uji wake upikwe kwa maji yaliyopimwa, au ya mvua yaliyovunwa kwa usafi, au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeishughulikia kwa miaka mingi. Punguza magadi jikoni. Na mtoto akianza kupinda miguu, mlete mapema, ukimweleza daktari mnachota maji wapi hata kama hajakuuliza.

Yule binti

Nilimwita binti aingie. “Shikamoo daktari,” akasema, mkono ukiwa mdomoni. Watoto wengi wa huku huzungumza hivyo, na wanaoishi nao hawaulizi kwa nini. Alipousahau mkono kidogo niliona meno yake ya mbele, yana madoa ya kahawia.

Nikamuuliza takwimu ameipendea nini. Alitoa daftari kwenye begi. Alikuwa amechora jedwali la wanafunzi wa darasa lake: majina hakuweka, aliweka nyumbani wanatumia maji gani, ya bomba, ya kisima au ya mto, na meno yao yakoje. Nikampongeza. Yeye akatikisa kichwa.

“Nimekosea, daktari. Nimewauliza wanakunywa maji gani sasa. Nilitakiwa kuwauliza walikuwa wanakunywa maji gani walipokuwa wadogo. Wengine wamehamia.”

Nilinyamaza kidogo. Kosa hilo mimi sikuliona nilipotazama jedwali lake. Yeye aliliona mwenyewe, na hakulificha.

Nikamgeukia mama, nikamwambia kwamba hospitali zetu zinahitaji madaktari, na wapo vijana wengi wazuri wanaoutaka udaktari. Lakini mtoto aliyeota madoa kwenye meno, akachukua daftari kutafuta yametoka wapi, tayari amekwisha kuianza kazi ya afya. Usimtoe kwenye kazi hiyo ili umpeleke kwenye ile unayoijua jina lake.

Mama hakunijibu. Alilichukua lile daftari, akalisogeza karibu na macho, akaanza kulisoma safu kwa safu. Kisha akamuuliza binti yake, “Na sisi wewe ulipokuwa mdogo tulikuwa tunachota wapi? Andika. Mimi nakumbuka.”